Motokaa Kuukuu Inapolia: Kuujua Ubaya Kabla ya Kununua Spea

Mkulima mmoja wa Kinangop alikuwa na pikapu ya miaka mingi. Kila siku ya soko aliipakia magunia ya viazi, akatoka Njabini, akaishika barabara kuu pale Flyover, akateremka nayo mpaka Naivasha. Jioni moja, alipokuwa akirudi na gari tupu, alitambua mvumo ambao juma lililotangulia haukuwapo. Ulianza mwendo ulipofika kilomita 40 kwa saa, ukazidi kwenye 60, na kwenye 80 hata redio haikusikika. Kesho yake alilipeleka gari kwa fundi wa jua kali. Fundi aliliendesha kitambo kidogo, akarudi, akafunga mlango.

"Mzee, hii ni giaboksi," alisema. "Imekwisha."

"Una hakika, fundi?"

"Mzee, kazi hii nimeifanya miaka kumi."

Basi giaboksi nyingine, iliyokwisha tumika, ilinunuliwa Nairobi katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ikafungwa kwa kazi ya siku nzima. Mvumo haukuondoka. Fundi wa pili alisema ni difu, nayo ikafunguliwa, ikaoshwa, ikafungwa tena kwa oili mpya. Mvumo haukuondoka. Fundi wa tatu hakusema neno. Aliyakinga magurudumu ya mbele kwa mawe, akainua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki, akalizungusha kwa mkono, na kila aliyesimama karibu akasikia sauti kama ya kusaga mahindi. Ilikuwa beringi ya gurudumu, kitu cha kutosha kushikwa katika kiganja. Fedha zilizokuwa zimekwisha tumika zingetosha karo ya mtoto, na giaboksi ya kwanza, ambayo haikuwa na ubaya wo wote, ilikuwa imekwisha uzwa kama chuma chakavu.

Mkulima huyo hakutajwa jina, wala hahitaji jina, maana yeye ni mfano tu wa watu wengi, na kila mji una wake. Yafaa kuangaliwa kwamba mafundi wale hawakusema uongo. Mlio waliousikia ulikuwa mlio wa kweli. Kosa lao, na kosa la mwenye gari pamoja nao, ni kwamba walishika spana kabla ya kuuliza maswali.

Kwa nini gari kuukuu hulia

Katika gari jipya nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma ni nyembamba kuliko unywele, nayo imejazwa oili au grisi. Kila safari huila nafasi hiyo kidogo. Baada ya kilomita 200,000 au 300,000 yaweza kuwa pana kiasi cha chuma kupata mahali pa kurukia na kukipiga chuma chenziwe. Vipande vya mpira viitwavyo busi, ambavyo kazi yake ni kuzuia mtikiso usifike kwenye bodi, hukauka kwa jua na kupasuka. Springi huchoka. Grisi huoshwa na maji ya mito midogo ikatizayo barabara za udongo. Hata gari mashuhuri halina kinga. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha ikashinda tena 1966, 1967 na 1968, na watu wengi wa Kenya waliamini kwamba chuma chake hakiliwi. Lakini nyingi kati ya hizo, baada ya kubeba abiria na magunia kwa miaka, zililia kama nyingine zote.

Jambo jingine ni kwamba si rahisi kujua gari limekwenda umbali gani. Motokaa nyingi za zamani zilikuwa na kihesabu chenye tarakimu tano tu, kwa hiyo zilipopita 99,999 zilirudi kwenye sufuri kama mtoto mchanga. Siku hizi tarakimu ni sita, lakini wako watu wenye ujuzi wa kuzirudisha nyuma kabla ya kuuza. Kadhalika sheria ya Kenya huruhusu kuingizwa nchini kwa motokaa zilizotumika ambazo umri wake haupiti miaka 8, kwa hiyo gari liitwalo jipya kijijini huenda limekwisha fanya kazi Japani kwa miaka saba. Mwenye gari asiitegemee sana ile saa. Sikio lake ni shahidi bora.

Maneno ya milio

Kitu cha kwanza kinachohitajiwa si spana, ni maneno. Mwenye gari akifika kwa fundi na kusema, "Gari langu linapiga kelele," hakusema zaidi ya mgonjwa amwambiaye daktari, "Naumwa." Wala Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili. Chuma kizito kikikipiga chuma kingine, hugonga. Kikipiga kwa wepesi na kwa haraka, kama karani apigaye taipu, hutatarika. Kiungo kilicholegea hualika, kama vidole vya mtu anapovialisha. Beringi iliyoliwa huvuma, na ikizidi kuliwa husaga. Breki iliyokwisha hukwaruza. Mkanda wa feni uliolegea hulia kwa sauti kali nyembamba, hasa asubuhi yenye baridi, na hewa ipitayo katika ufa mdogo hupiga mluzi. Fundi akiambiwa, "Hualika mara tatu nne nikikata kona ya kushoto polepole," amekwisha pata nusu ya jibu kabla ya kufungua boneti.

Baada ya neno hufuata wakati. Je, mlio waja injini ikiwa baridi, kisha ukaondoka ikipata moto, au waanza baada ya kupata moto? Waja gari likipanda, likishuka, au barabara tambarare? Ukikanyaga breki wabadilika? Gari likiwa na mzigo je? Katika mashimo tu, au hata kwenye lami laini? Majibu haya yafaa kuandikwa katika kijitabu siku ile ile, maana baada ya siku tatu mtu huanza kukumbuka yale aliyoambiwa na jirani badala ya yale aliyoyasikia mwenyewe.

Na kabla ya jambo lo lote, gari litolewe vitu vyote visivyofungwa. Jeki iliyolegea nyuma ya kiti, chupa chini ya kiti, kopo la maziwa, spana katika kisanduku: vitu hivi vimewatoa watu wengi fedha. Ni aibu kumlipa fundi ili atafute jeki ya mtu mwenyewe.

Injini au magurudumu?

Swali kubwa kuliko yote ni hili: mlio wafuata mwendo wa injini, au wafuata mwendo wa gari? Watu wengi hudhani ni mwendo mmoja, lakini ni miwili, na kuitenganisha ni kazi rahisi.

Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Endesha kilomita 60 kwa saa katika gia ya nne, usikilize. Kisha ingia gia ya tatu, ukae kwenye kilomita 60 zile zile. Magurudumu yazunguka kama kwanza, lakini injini sasa yazunguka kwa kasi zaidi. Mlio ukibaki vile vile, uko upande wa magurudumu, ekseli au difu. Ukipanda pamoja na injini, uko injinini au katika vitu vizungushwavyo nayo. Halafu simamisha gari kabisa, gia ikiwa nyutro na breki ya mkono imevutwa, ukanyage mafuta mpaka injini ifike kasi ile ile. Mlio usiposikika wakati huo, injini ina haki ya kuachwa. Kwa gari ambalo gia zake hujibadilisha zenyewe, kipimo hiki cha mwisho hutosha kwa kuanzia. Laiti mkulima wa Kinangop angepata dakika kumi za kazi hii, angejua kwamba mvumo wake ulifuata kasi ya gari katika kila gia.

Wako madereva ambao, ili wasikilize vizuri, huizima injini gari likiwa katika mteremko. Jambo hili lisifanywe kamwe. Ufunguo ukigeuzwa mno usukani waweza kujifunga, na breki hupoteza msaada wa injini, zikawa ngumu kama jiwe baada ya kukanyagwa mara mbili tatu. Kwenye tambarare yatosha kukanyaga klachi kwa sekunde chache injini ikiwa yafanya kazi.

Hesabu ndogo nayo husaidia. Tairi la motokaa ndogo huenda mita 2 kasoro kidogo kila lizungukapo mara moja. Kwa mwendo wa mtu atembeaye, basi, gurudumu huzunguka karibu mara moja kila sekunde; kwa kilomita 60 kwa saa huzunguka mara 8 au 9 kwa sekunde. Lakini injini, hata gari likiwa limesimama, huzunguka mara 13 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo mgongo mmoja mmoja unaosikika gari linapotambaa kuingia uani, na unaoweza kuhesabiwa kwa kinywa, hauwezi kuwa wa injini. Mara nyingi ni jiwe dogo lililoshikwa katika meno ya tairi, na dawa yake ni bisibisi. Lakini huenda ni nati za gurudumu zilizolegea, na hapo jambo si la kucheka.

Milio ya upande wa magurudumu

Beringi ya gurudumu huvuma kwa sauti moja, kama ndege iliyo mbali, na uvumi huo hupanda pole pole pamoja na mwendo. Ili kujua ni ya upande gani, msikilize gari anapokata kona ndefu. Uzito wa gari huegemea upande wa nje. Kenya magari huenda upande wa kushoto, na katika mizunguko ya barabara dereva hugeuka kulia, kwa hiyo magurudumu ya kushoto ndiyo huelemewa. Mvumo ukizidi hapo na kupungua katika kona ya kushoto, beringi mbaya mara nyingi ni ya kushoto. Kisha gurudumu liinuliwe kwa jeki, gari likiwa limekingwa kwa mawe, lishikwe juu na chini, na kutikiswa. Likicheza, pana ubaya. Tairi lililoliwa vibaya nalo huvuma vivyo hivyo, na limewadanganya mafundi wazuri. Kupitisha kiganja juu ya tairi ili kuona kama meno yake yamekuwa kama ya msumeno ni kazi ya dakika moja. Tena mvumo wa tairi hubadilika barabara ibadilikapo, kutoka lami mbaya kuingia lami nzuri, bali ule wa beringi hauijali barabara.

Difu yenye meno yaliyoliwa ina tabia yake. Hulia kwa sauti nyembamba dereva akikanyaga mafuta, hunyamaza akiyaachia, au kinyume chake. Beringi ya gurudumu haina habari na mafuta. Tofauti hii peke yake ingalimzuia fundi wa pili asifungue difu ya mkulima.

Katika motokaa ambazo injini huzungusha magurudumu ya mbele, kama nyingi zitokazo Japani, kuna kiungo kiitwacho sivi-jointi karibu na kila gurudumu la mbele. Kikiliwa, hualika tak-tak-tak gari linapogeuka polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Nenda katika uwanja mpana, ulizungushe gari kulia, kisha kushoto, madirisha yakiwa wazi. Chungulia pia nyuma ya gurudumu: kiatu cha mpira kilichopasuka, na grisi nyeusi iliyorushwa pande zote, ni ushahidi. Katika pikapu zenye propela, kiungo cha propela kilichokauka hulia kama ndege mdogo gari likianza kwenda, na kikizidi kuliwa hugonga mara moja kila klachi iachiwapo.

Wakazi wa barabara za murami wanajua mlio mmoja utishao kuliko yote: ukelele wa kukwaruza unaoanza ghafula, kana kwamba gurudumu lasagwa. Mara nyingi ni kokoto iliyoingia kati ya sahani ya breki na bati lake la kukinga vumbi. Kurudisha gari nyuma mita chache hutosha kuiangusha. Lakini mkwaruzo usiotoka kwa njia hiyo, na unaozidi breki zikanyagwapo, maana yake pedi zimekwisha na chuma chaila sahani. Gari hilo lisishuke mteremko wo wote mpaka litazamwe.

Kuna pia kipimo cha klachi, nacho ni chepesi. Gari likiwa limesimama, injini yafanya kazi, gia nyutro, kanyaga klachi. Mlio ukinyamaza unapokanyaga, ni beringi za giaboksi. Ukianza unapokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe.

Injini ikigonga

Hapa ndipo hofu ilipo, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa neno "injini" humtetemesha mwenye gari hata akakubali lo lote aambiwalo. Si kila mgongo wa injini ni kifo. Valvu zenye nafasi kubwa mno hutatarika juu ya injini kwa sauti nyepesi. Mafuta ya injini yakipungua hutatarika pia, kwa hiyo kijiti cha kupimia oili kitolewe kwanza, gari likiwa mahali sawasawa, kabla ya kumwita mtu ye yote. Pistoni iliyoliwa hugonga asubuhi, kisha chuma kinapopata moto na kupanuka hunyamaza. Gari la namna hiyo laweza kutumika muda mrefu likitunzwa. Ekzosi iliyopasuka karibu na injini nayo hutatarika asubuhi na kunyamaza baadaye, na wengi huifikiria kuwa ni valvu. Lakini hiyo isipuuzwe, maana moshi wake una hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo ikiingia ndani ya gari lililofungwa madirisha huleta usingizi na mauti.

Mlio wa kokoto zikitikiswa katika mkebe, unaokuja injini ikivuta mlima katika gia kubwa, si wa chuma kupiga chuma. Ni petroli inayowaka kwa namna isiyofaa ndani ya silinda, kwa sababu cheche huja mapema mno, au petroli ni hafifu, au injini imeota masizi. Dawa ya papo hapo ni kuingia gia ndogo; ya kudumu ni kupima taimingi. Ukiachwa hivyo miezi mingi, huweza kuitoboa pistoni.

Mgongo wa kuogopwa ni ule mzito utokao chini ya injini, unaozidi injini ikipata moto na ikivuta mzigo, na hasa ukifuatana na taa nyekundu ya oili. Huo ni wa beringi za krenkshafti au za konrodi. Katika injini za zamani fundi huutambua kwa kuondoa waya wa plagi moja baada ya nyingine: silinda yenye konrodi mbaya ikinyimwa cheche, mgongo hupungua. Kazi hii ni ya fundi, si ya mwenye gari, kwa kuwa umeme wa plagi hupiga vikali, na katika magari mapya kuuondoa waya ovyo huharibu vyombo. Injini igongayo hivyo izimwe, na gari livutwe. Kilomita 10 za kujikaza mpaka nyumbani zaweza kugeuza kazi ya kubadili beringi kuwa kazi ya kubadili injini nzima, maana konrodi ikivunjika hutoboa ubavu wa injini na oili yote humwagika barabarani.

Ili kujua mahali hasa pa mlio, mafundi hutumia bisibisi ndefu au fimbo kavu. Ncha huwekwa juu ya chuma kinachoshukiwa, kama vile pampu ya maji au alternata, na mpini hushikwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Pampu yenye beringi mbaya husikika kama mchanga mdomoni. Mwenye gari aweza kujifunza jambo hili mwenyewe, mradi akae mbali na feni na mikanda. Karani aliyetoka ofisini avue tai kwanza.

Milio isiyongoja

Mingi ya milio iliyotajwa yaweza kungoja mwisho wa mwezi. Michache haingoji hata kituo cha petroli kinachofuata. Mgongo wa gurudumu unaofuatana na usukani kutikisika, ikiwa mwanzoni haukuwapo, mara nyingi ni wa nati zilizolegea, hasa siku moja au mbili baada ya tairi kubadilishwa kando ya njia: simama, zikaze. Mgongo mzito wa mbele katika kila shimo, pamoja na gari kuvuta upande mmoja, huenda ni bol-jointi iliyoliwa. Hiyo ikichomoka, gurudumu hulala chini ya gari kama mguu uliovunjika, na dereva hawezi tena kuelekeza cho chote. Breki zikwaruzazo na injini igongayo chini zimekwisha elezwa. Pikapu iendayo sokoni haimbebi dereva peke yake. Nyuma huketi kina mama juu ya magunia, na hao hawakuulizwa habari za mlio.

Wako watu walionyamazisha mlio badala ya kuutibu, nao ni wauzaji hasa. Oili nzito sana hutiwa katika injini iliyochoka, maranda ya mbao katika difu, na gari huwashwa mapema kabla mnunuzi hajafika ili lisigonge likiwa baridi. Mnunuzi mwangalifu huweka mkono juu ya boneti kabla ya kusalimiana kwa kirefu. Ikiwa na moto, humwomba mwenye gari kwa adabu wangoje mpaka ipoe, hata kama ni saa mbili. Mara nyingine ni mwenye gari ajidanganyaye mwenyewe: mlio ukizidi, huongeza redio.

Mbele ya fundi

Fundi apewe habari, asipewe hukumu. Mwenye gari akisema, "Badilisha beringi," fundi atabadilisha beringi na kulipwa kwa beringi, hata kama ubaya uko kwenye tairi. Afadhali aseme, "Huvuma kuanzia 40, haujali gia, huzidi nikikata kona ya kulia," kisha wapande gari pamoja, waende barabara ile ile, kwa mwendo ule ule, na kama yawezekana kwa mzigo ule ule, mpaka fundi auseme mlio huo kwa kinywa chake. Fundi akataaye kupanda gari ana haraka kuliko inavyofaa. Bei ikubaliwe baada ya hapo, si kabla. Na spea zisinunuliwe mpaka kiungo kinachoshukiwa kimeinuliwa, kimetikiswa na kuonekana kwa macho ya wote wawili.

Kazi ikiisha, gari lipelekwe tena katika barabara ile ile. Kama mlio bado upo, ijulikane siku hiyo hiyo, fundi akiwa karibu na mikono yake ingali na grisi. Spea ya zamani isiachwe kwa fundi. Mwenye gari aidai, aifute kwa kitambaa, na kama ni beringi aizungushe polepole kwa vidole. Iliyo nzima hupita kimya. Iliyokufa hukwaruza, na ukwaruzaji huo mtu huusikia kwa vidole kabla ya kuusikia kwa masikio. Mkulima wa Kinangop aliiweka yake juu ya dashibodi, karibu na ufunguo, na kila fundi apandaye gari hilo huiona.